Datsun 240Z inayogoma kuingia gia: anza na pedali ya klachi, giaboksi iache kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Chumbageni, Tanga. Marehemu baba ameniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, gia tano. Lilikaa bandani muda mrefu, sasa nimelifufua na injini inanguruma vizuri, ila gia zinanitesa. Mkono wa gia unachezacheza hata ukiwa ndani ya gia. Rivasi inasaga na gia ya kwanza inagoma nikiwa nimesimama, hasa gari likishapata moto. Asubuhi gia ya pili inakwaruza. Na tulipokuwa tunateremka kutoka Lushoto, gia ya tatu ilichomoka mara kadhaa nilipoachia mafuta. Fundi wangu anasema giaboksi imekufa, nitafute nyingine. Nimsikilize? Halafu Idi nataka kumpeleka mama Lushoto, gari litafaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu mzee wako.

Giaboksi usinunue. Katika malalamiko manne uliyoandika, matatu huenda yakaisha bila kulegeza hata bolti moja ya giaboksi, na la nne nalo lina nafasi. Fundi wako ameyakusanya yote akayafanya ugonjwa mmoja, ndiyo maana dawa yake imekuwa kubwa. Gia inayosaga gari likiwa limesimama na gia inayochomoka mteremkoni hazina uhusiano wowote mpaka uthibitishe kwamba zina uhusiano. Kila moja ichunguzwe peke yake.

Wala usikubali kuambiwa kwamba hilo ni gari la maonyesho lisilohimili njia zetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki wakiwa na 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda na 240Z nyingine. Mzee wako alijua alichokiweka bandani.

Sasa kazi. Leo jioni egesha gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, zima injini. Kanyaga klachi mpaka mwisho, pitisha gia zote polepole kuanzia ya kwanza hadi rivasi. Gia ikigoma usiilazimishe. Toa mawe, mtu asukume gari kidogo tu ili meno yapishane, kisha jaribu tena. Ukimaliza washa injini, iache iungurume taratibu, kanyaga klachi na urudie zoezi lilelile.

Jibu lako lote limo katika tofauti ya hizo awamu mbili. Kama gia ziliingia bila ubishi injini ikiwa imezimwa, kisha zikagoma ilipowaka, basi mkono wa gia, rodi na selekta (vile vinavyosogeza gia ndani ya boksi) hazina kosa hapo. Klachi haiachii. Injini bado inaizungusha shafti ya kuingilia giaboksi hata wewe ukiwa umekanyaga, na meno yanayozunguka hayawezi kukaa kwenye meno yaliyosimama. Kama ziligoma hata injini ikiwa imezimwa, hapo ndipo tunaanza kuutazama mkono wa gia na yaliyo chini yake.

Shahidi mzuri kuliko wote ni rivasi, kwa sababu haina sinkronaiza (kile kifaa kinachosawazisha mwendo wa meno kabla hayajashikana) ya kuficha kosa. Gari likiwa limepata moto, injini ikiungurumia frii, kanyaga klachi na usubiri. Hesabu hadi kumi bila haraka, ndipo uingize rivasi. Ikiingia kimya, klachi yako ni nzima na ulikuwa unaiwahi tu. Shafti huhitaji muda wa kusimama. Ikisaga hata baada ya kusubiri, klachi inaburuta. Kwa maelezo yako ya kwamba tatizo huongezeka gari likipata moto, na kwamba gari lilikaa muda mrefu, naweka mkono wangu kwenye klachi.

Klachi ya 240Z inaendeshwa na maji ya breki. Kuna masta ya juu nyuma ya pedali, kwenye ukuta wa injini, halafu mpira, halafu masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa nyumba ya klachi. Maji ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, na hewa ya Tanga unaijua. Gari likikaa bandani karibu na bahari, maji hayo yanageuka rangi ya chai ya rangi, silinda inaota kutu kwa ndani, na siku unayoanza kukanyaga tena pedali, kutu ile inakata vikombe vya mpira. Baridi, maji bado mazito, klachi inaachia kidogo. Yakipata moto yanakuwa mepesi na kupenya pembeni ya mpira uliochakaa, msukumo unapungua. Ndivyo rivasi inavyoingia asubuhi na kusaga mchana.

Fungua kifuniko cha kopo la masta uangalie rangi. Vuta zulia chini ya pedali uguse kwa kidole pale rodi ya masta inapoingia. Ukikuta majimaji, masta ya juu inavuja ndani ya gari. Geukia masta ya chini, inua ule mpira wake wa kuzuia vumbi. Ukitoka unyevu, nayo imekwisha. Usibadilishe moja ukaiacha nyingine. Zimezeeka pamoja, na ukifunga moja mpya, ile iliyochoka itakurudisha chini ya gari kabla ya mwezi kuisha. Badilisha na mpira unaoziunganisha, kwa sababu mipira ya umri huo huvimba kwa ndani na kuziba njia wakati kwa nje inaonekana safi. Na tafadhali, asije mtu akaongeza oili ya injini au ya haidroliki humo eti ni kitu kilekile. Oili ya namna hiyo huvimbisha vikombe vya mpira na kuviharibu.

Ukishatoa upepo ulionaswa kwenye maji ya klachi, mtu mmoja akanyage pedali, wewe uwe chini ukitazama rodi ya masta ya chini inavyosukuma uma wa klachi. Inatakiwa isogee zaidi ya sentimita moja. Ikisogea chini ya hapo wakati masta zote ni mpya, panda juu tena uangalie pini inayounganisha pedali na rodi ya masta ya juu. Tundu la pini hiyo hulika likawa na umbo la yai, na kila uchakavu wa hapo juu unaiba safari ya pedali kabla haijafika chini. Nimeona watu wakibadilisha klachi nzima kwa ajili ya tundu hilo. Hakikisha pia kapeti la sakafuni halizuii pedali kufika mwisho. Ni jambo dogo, lakini linatokea.

Angalia vilevile kama masta yako ya chini ni ile ya zamani yenye rodi ya kurekebisha na springi ya kurudisha uma kwa nje, au ile ya baadaye inayojirekebisha yenyewe. 240Z zilitoka na aina zote mbili. Ya kurekebisha lazima iachiwe nafasi ndogo kati ya rodi na uma. Ukiibana sana beringi ya klachi inazunguka muda wote na kufa mapema, ukiilegeza sana klachi haiachii. Ukikuta rodi ya aina moja imefungwa kwenye uma wa aina nyingine, umepata mhalifu.

Kama msukumo wa chini ni mzuri na bado rivasi inasaga, ndipo utakapohitaji kuishusha giaboksi, ila kwa ajili ya klachi, giaboksi yenyewe haitafunguliwa. Muulize yeyote katika familia kama klachi iliwahi kubadilishwa. Presha pleti (bamba linaloibana diski ya klachi) za gari hizi na za ndugu zake waliofuata hazilingani urefu, na kila moja ina kola yake ya kubebea beringi. Mtu akifunga presha pleti ya aina moja na kola ya aina nyingine, pedali inaonekana nzuri lakini klachi haiachii kamwe, na hakuna kutoa upepo kutakakosaidia. Hapohapo, kagua bushi ndogo ya shaba iliyomo kwenye mkia wa krenki. Ikikauka inaishika ncha ya shafti na kuiburuta. Ni kipuri cha bei ndogo, kibadilishe maadamu umeshafika.

Nikija kwenye mkono wa gia unaocheza, hapa una bahati. Katika 240Z mkono wa gia haufiki kwenye giaboksi kwa kebo wala kwa rodi ndefu. Umesimama juu ya mkia wa giaboksi yenyewe, umeshikwa na pini moja iliyopita kwenye bushi za plastiki ngumu, na ncha yake ya chini inashika rodi ya selekta. Baada ya miaka zaidi ya hamsini plastiki hiyo huwa imekauka, imepasuka au imekwenda zake kabisa. Unachokishika mkononi ni nafasi tupu.

Toa waya wa hasi wa betri. Inua gari juu ya stendi nne zilizo imara. Jeki peke yake haikulindi, na mimi sitaki kusikia habari mbaya. Ndani ya gari fungua kirungu cha mkono wa gia na konsoli, vua mpira wa vumbi. Utaiona pini imezuiwa na klipu ndogo. Wapo wanaoifikia kwa juu, mimi napendelea kwa chini maana naona ninachokifanya. Toa klipu, igonge pini taratibu kwa pini nyembamba ya shaba, mkono utatoka juu pamoja na springi yake. Kabla hujagusa kitu piga picha kwa simu, hasa mpangilio wa springi na washa.

Bushi zenyewe zinaagizwa, na Tanga haikosi wachongaji wa vyuma waliozoea kukereza vipuri vya mashine za mkonge. Kazi hii kwao ni ndogo. Wapelekee pini na mkono pamoja. Pini nayo huwa imelika katikati, na ukifunga bushi mpya kwenye pini iliyolika umefanya nusu ya kazi. Pima kwa venia pale mwishoni ambapo haijaguswa, hicho ndicho kipimo chake halisi, na uchongewe nyingine. Mchongaji atakuuliza unataka bushi ya shaba au ya plastiki. Shaba inadumu, lakini inapitisha kila mtetemo wa giaboksi hadi kiganjani na inapiga kelele ikikauka grisi. Mimi nachagua plastiki ngumu ya asetali. Nailoni ya kawaida hunywa unyevu na kuvimba kidogo, hivyo ukiitumia kwa hali ya hewa ya Tanga acha nafasi ndogo, la sivyo mkono utakuwa mzito ghafla msimu wa mvua. Kamwe usikubali wachomelee pini, wala wajazie vipande vya tyubu ya baiskeli. Gia itaonekana imetulia, kisha mpira utaliwa na vipande vyake kuachwa palepale panapotakiwa kuwa na grisi tu.

Gia ya pili inayokwaruza asubuhi ni suala la oili kwanza. Hujataja kama uliibadilisha, nami nachukulia hujaibadilisha. Fungua plagi ya kujazia iliyo ubavuni kabla ya kufungua ya kumwagia, maana ukimwaga yote halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, gari limekufungia njia. Mwaga oili ikiwa ya moto. Ichuje kwenye kitambaa cheupe na upitishe sumaku. Unga mwembamba kama vumbi kwenye sumaku ni kawaida ya umri. Vipande vyenye ncha ni meno, na hapo nitakubaliana na fundi wako kwamba boksi ifunguliwe.

Jaza oili ya gia ya daraja la GL-4, uzito wa 80W-90, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia gari likiwa sawasawa. Madukani wengi watakupa GL-5 na kusema ni bora zaidi. Ni bora kwa difu, na difu ya gari lako iko nyuma inaisubiri. Kwenye giaboksi ya zamani GL-5 inateleza mno, na sinkronaiza inafanya kazi kwa kusuguana. Isiposuguana haiwezi kusawazisha mwendo. Dawa zilizomo kwenye baadhi ya GL-5 hushambulia pia shaba. Kwa hiyo gari moja, oili mbili, na makopo yaandikwe. Plagi zina nyuzi zinazobana kadiri zinavyoingia na bodi ya giaboksi ni ya aluminiamu; kaza kwa kiasi, usining'inie kwenye spana.

Ipe oili hiyo mwendo wa kutosha kwenda Muheza na kurudi mara chache kabla ya kuhukumu. Ikibaki kukwaruza gia ya pili pekee wakati klachi imeshathibitika nzima, sinkronaiza yake imechoka. Si ajabu, gia ya pili ndiyo inayopewa kazi nzito kila unapopunguza mwendo. Unaweza kuishi nayo kwa miaka ukipiga dabo klachi: toa gia, achia klachi ukiwa frii, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza. Siku utakapoagiza vipuri, tambua kwanza aina ya sinkronaiza uliyonayo. Baadhi ya giaboksi za gia tano zilizouzwa na gari hili nje ya Marekani zina mtindo wa Porsche, wa pete ya chuma iliyokatwa upande mmoja. Nyingine zina pete za shaba zenye meno pembeni. Haziingiliani hata kidogo. Na kama yako ni ya mtindo wa Porsche, ujue kwamba tabia yake ni kuupinga mkono kidogo kabla ya kukubali. Aliyezoea gari za kisasa hudhani ni ugonjwa na kuanza kuisukuma kwa nguvu, na hapo ndipo anapoiua.

Gia ya tatu ndiyo inayonipa mawazo. Inachomoka unapoachia mafuta, yaani pale magurudumu yanapoanza kuisukuma injini badala ya injini kuyasukuma magurudumu. Nguvu inageuka ndani ya giaboksi na kila kilicholegea kinasogea.

Anza na kilicho nje. Giaboksi imekalia maunti ya mpira kwenye kipande cha chuma chini ya sakafu. Mpira huo hulowa oili ya sili ya nyuma ukalainika, ukaachana na chuma chake. Kwa kuwa mkono wa gia umepanda juu ya giaboksi, boksi ikicheza mkono unacheza nayo, na ukigonga ukingo wa konsoli au ukabanwa na mpira wa vumbi uliokauka, unasukumwa kutoka kwenye gia. Mtu akae pembeni yako; wewe kanyaga na kuachia mafuta mfululizo mkiwa gia ya tatu, yeye atazame mkono. Ukiwa unakwenda mbele na nyuma waziwazi, maunti imekufa. Badilisha, na ukiwa hapo angalia maunti mbili za injini. Kisha endesha ukiwa umevua konsoli na mpira wa vumbi kabisa. Gia ya tatu ikitulia, tatizo lilikuwa pale juu, na umeokoa pesa nyingi. Bushi zilizokwisha nazo zinachangia: ukidhani umeingiza gia mpaka mwisho, kumbe nusu ya safari ya mkono imeliwa na ule uwazi na meno yameshikana kwa ncha tu.

Ikiendelea kuchomoka baada ya hayo yote, shusha giaboksi na uifungue. Mwambie atakayeifungua aangalie springi na goroli zinazozuia rodi za selekta, uma wa gia ya tatu na ya nne kama umelika au umepinda, na meno ya sliva, ile pete inayoteleza na kuishika gia hiyo. Meno hayo yakiwa yameviringika ncha, springi mpya hazitasaidia. Kwa vipuri vidogo usidharau pikapu za zamani za Datsun, maana giaboksi zake nyingi ni za ukoo mmoja na hii, na springi, goroli na sili hupatikana kwa wenye mabaki yake, iwe Gerezani kule Dar au ng'ambo ya Horohoro, Mombasa. Boksi nzima ya pikapu usiichukue kwa macho. Uwiano wa gia na mkia wake huweza kutofautiana, na gari la mbio lenye gia ya kwanza ya kubebea mizigo halina raha.

Kuhusu Idi: kupanda hakunitishi, kuteremka ndiko. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushee za kona, na pale Soni unategemea gia ikushikie gari ili breki zisichemke. Gia ikichomoka katikati ya kona, gari linakuwa huru ghafla na breki ndizo zinabaki peke yake. Najua dereva wengi hushika mkono wa gia kwa nguvu ili isichomoke. Usifanye hivyo, unausugua uma dhidi ya sliva na kuumaliza, na tena umebaki na mkono mmoja kwenye usukani. Kama klachi, bushi, oili na maunti zimeshafanyika, jaribu kwanza kwenye mteremko mfupi ukiwa peke yako, uachie mafuta ukiwa gia ya tatu mara kwa mara. Ikitulia, mpeleke mama, na uteremke kwa gia ya pili pale penye kona kali. Ikichomoka hata mara moja, pandeni basi, na 240Z ibaki Chumbageni mpaka boksi ifunguliwe. Niandikie ulichokikuta kwenye sumaku na namna rivasi ilivyoingia baada ya kuhesabu kumi.